Nimepungua kilo tisa, mizani imegoma, na watu wananiuliza kama ninaumwa

Mhasibu wa Tabata

Habari za jioni, wanajukwaa. Naomba ushauri juu ya jambo ambalo kwa wengine huenda likaonekana dogo, lakini mimi limenifikisha mahali pa kukaa ukingoni mwa kitanda saa kumi na moja alfajiri, viatu vya mazoezi vikiwa tayari mguuni, nikijiuliza ninakwenda wapi na kwa faida ya nani.

Nina umri wa miaka 38 na kazi yangu ni uhasibu. Tangu niajiriwe nimekuwa mtu wa kutoka kwenye kiti cha ofisi Posta, kuhamia kwenye kiti cha daladala, na kumalizia siku kwenye kochi la nyumbani. Januari mwaka huu nilipimwa sukari kabla ya kula chochote nikakutwa na 6.3, uzito ukiwa kilo 91 kwa urefu wa sentimita 162, na daktari akanieleza kwamba kisukari bado sina ila nimeshafika mlangoni. Nilitoka pale magoti yakilegea. Marehemu mama yangu aliishi na ugonjwa huo miaka kumi na minne, na mimi ndiye niliyekuwa nikimsafisha kidonda cha mguu kila jioni.

Hofu hiyo ilinisukuma vizuri sana. Niliacha soda, niliacha supu na chapati mbili za saa nne, nikawa ninashuka daladala vituo vitatu kabla ya kituo changu na kutembea mpaka simu inihesabie hatua 10,000, na alfajiri ninaruka kamba uani kabla watoto hawajaamka. Kufikia mwisho wa Mei nilikuwa nimeshuka hadi kilo 82. Tangu hapo hii ni wiki ya saba na mizani haitaki kabisa kusogea: 82.4, 81.9, 82.6, kisha 82.1, utadhani imepigwa msumari. Lengo langu lilikuwa 70.

Lakini mizani peke yake ningeivumilia. Kinachonimaliza ni maneno ya watu. Nilipokuwa na kilo 91 niliambiwa nimenawiri, kwamba ndoa imenikubali na mshahara unaonekana. Sasa ninaulizwa kulikoni. Ofisini mwenzangu mmoja alinivuta pembeni kutaka kujua kama nyumbani kuna amani. Kwenye kicheni pati ya binamu yangu mwezi uliopita, shangazi alinishika kiwiko, akakibinya kama mtu anayechagua embe sokoni, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimeshapima. Hakusema nipime nini, na wala hakuwa na haja ya kusema. Mama mkwe naye alikuja kutusalimu kwa wiki mbili, na kila mlo alinipakulia kwa mkono wake mwenyewe akisema, "Kula mwanangu, utaisha." Ukikataa sahani ya mama mkwe umekataa mengi zaidi ya wali.

Nilisoma mahali kwamba jambo likifanywa kwa siku 21 hugeuka kuwa mazoea. Mimi nimepitisha siku 150 na bado kila alfajiri ni vita mpya. Wenzangu mliopita njia hii, mliishikaje ari yenu ilipoanza kuwatoka?

Muuguzi wa Zamu

Dada, pole, na hongera vilevile, kwa sababu nimesoma maelezo yako mara mbili na naona umefanya jambo kubwa kuliko unavyojihesabia.

Mimi hufanya kazi katika kliniki ya wagonjwa wa kisukari, kwa hiyo niruhusu nianze na hiyo 6.3. Mwaka 2002 yalichapishwa Marekani matokeo ya utafiti uliofuatilia watu zaidi ya 3,200 waliokuwa katika hali kama yako, sukari imepanda lakini haijawa ugonjwa. Kundi moja liliwekewa malengo mawili tu: kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi, hasa kutembea kwa haraka, dakika 150 kwa wiki. Baada ya takriban miaka mitatu, uwezekano wa watu wa kundi hilo kupata kisukari ulikuwa umepungua kwa asilimia 58 kuliko wale waliopewa vidonge visivyo na dawa, na waliopewa metformin, dawa ya kushusha sukari, walipunguza kwa asilimia 31. Sasa chukua kalamu, wewe ni mhasibu. Asilimia 7 ya kilo 91 ni kilo sita na kidogo. Wewe umeshusha tisa. Jambo lililokutoa kitandani Januari umeshalifikia na kulipita, ila hukuambiwa, kwa sababu unaisubiri 70 ndiyo ikupe taarifa.

Kuhusu mizani kugoma, hilo karibu kila mtu hukutana nalo. Mwili wa kilo 82 hautumii nguvu sawa na mwili wa kilo 91, hata ukiwa umelala, kwa hiyo chakula kilichokuwa kikikupunguza Februari sasa kinakutosha tu kubaki ulipo. Zaidi ya hapo, mtu anapojinyima kwa muda mrefu huanza kupunguza mijongeo midogo bila kujua: anaagiza mtoto maji badala ya kuinuka, anasubiri lifti. Na zile kilo za mwanzo zilizoshuka haraka hazikuwa mafuta matupu, kwa kuwa mwili unapotumia akiba yake ya wanga hutoa pia maji yaliyohifadhiwa pamoja nayo, kiasi cha gramu tatu kwa kila gramu moja. Kushuka kwako kulikuwa kwa polepole zaidi kuliko mizani ilivyosema, na kukwama kwako huenda si kamili kama inavyosema leo.

Nakushauri mambo machache. Angalia mafuta ya kupikia kabla hujaongeza mazoezi. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina takriban kalori 120, na mtu wa uzito wako hutembea karibu nusu saa kuzimaliza. Sasa jiulize mboga ya nyumbani kwako hupimiwa mafuta kwa kijiko au humiminwa moja kwa moja kutoka kwenye dumu. Ongeza mazoezi ya nguvu siku mbili kwa wiki, hata kama ni kuinuka na kukaa kwenye kiti mara kumi na tano na kusukuma ukuta, kwa sababu misuli ndiyo unayotaka ibaki wakati mafuta yanaondoka. Jipime kwa mizani ileile, siku ileile, kabla ya chai; kama unapimwa na wale vijana wa kandokando ya barabara, leo huyu na kesho yule, hizo nusu kilo zako hazina maana yoyote. Chukua pia tepu ya fundi cherehani upime kiuno, katikati ya ubavu wa chini na mfupa wa nyonga. Kwa wanawake, hatari huanza kupanda kuanzia sentimita 80 na huwa kubwa zaidi kuanzia 88. Na tafadhali urudi kupima sukari, maana umeacha kuangalia kipimo kilichoanzisha safari yote.

Neno moja kuhusu shangazi. Alikuumiza, lakini swali lake lina asili yake: mtu anayepungua bila kufanya lolote anapaswa kweli kupimwa, iwe ni kisukari, kifua kikuu au lingine. Kupungua kwako kuna sababu unayoijua wewe. Yeye haijui.

Mzee wa Mchakamchaka

Mwanangu, mimi nina miaka 61, ni mstaafu, na ninakimbia na kikundi cha joging huku Temeke kwa mwaka wa tisa sasa. Muuguzi ameeleza ya mwilini vizuri, mimi nitasema ya mtaani.

Umeandika kwamba unaruka kamba uani kabla watoto hawajaamka. Maana yake ni kwamba hakuna anayekuona. Jirani anaona matokeo tu, haoni kazi, na mtu akiona matokeo bila kazi hujitafutia sababu mwenyewe, na sababu za kwetu unazijua. Nilipoanza nilipungua kilo kumi na moja, na mwanzoni nilikuwa ninakimbia peke yangu gizani kwa aibu ya kitambi. Msikitini wakaanza kuniangalia kwa huruma, na mmoja akaniletea mtu wa dawa za asili. Siku niliyovaa fulana ya kikundi nikapita barabarani na wenzangu hamsini, filimbi mbele na nyimbo nyuma, yale maswali yalikatika. Anayepungua peke yake huitwa mgonjwa, lakini akipungua amevaa fulana ya klabu huitwa mwanamichezo. Mwili ni uleule.

Ari ninayoijua mimi haikai moyoni mwa mtu mmoja. Kwetu ukikosa Jumamosi moja, katibu anakupigia simu. Ukikosa ya pili, tunapitishia mbio mlangoni kwako na kuimba mpaka utoke, na kama una shida ya kweli tunaijua siku hiyohiyo, kwa kuwa kikundi ni cha kuzikana pia. Asiyetoa taarifa hulipa shilingi 1,000 kwenye mfuko. Nakwambia, zipo alfajiri nyingi ambazo mvua inanyesha, kiuno kinauma, na kilichonitoa ndani si afya hata kidogo, ni ile elfu moja na midomo ya watu.

Usiogope kwamba utaachwa nyuma. Mwendo wetu ni ule wa mchakamchaka wa shule ya msingi, na kipimo chake ni wimbo: ukishindwa kuitikia, umekwenda kasi mno, punguza. Tuna mama mmoja alianza kwa kutembea nyuma ya kundi akiwa na mwavuli. Mwaka juzi tulichanga nauli ya Coaster tukaenda Moshi kwenye Kilimanjaro Marathon, ambayo hufanyika mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Ile si ya wakimbiaji wakubwa wa kilomita 42 peke yao. Ipo ya kilomita 21 na ipo fupi ya kilomita tano, na huyo mama wa mwavuli alimaliza tano. Aliporudi hakuulizwa kama anaumwa. Aliombwa medali waishike.

Bi Kisauni

Dadangu, salamu kutoka Mombasa, ambako mtu anaweza kutembea saa nzima pale Mama Ngina upepo wa bahari ukimpiga, kisha akayarudisha yote kwa mahamri manne na mbaazi za nazi kabla ya saa tatu.

Mimi nataka kuzungumza juu ya mama mkwe, kwa sababu wengi wanatoa ushauri wa kusema "hapana" kana kwamba neno hilo halina gharama. Mama mkwe hapiganwi naye, huombwa msaada. Wangu nilimficha miezi mitano, nikawa ninakula sahani yake mbele yake na kujinyima usiku kwa hasira, na ndiyo miezi niliyopanda kilo tatu. Siku nilipomwonyesha karatasi ya hospitali na kumwambia, "Mama, naogopa, naomba unisaidie," alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza ninaruhusiwa samaki au la. Tangu siku hiyo akija yeye ndiye anayechoma changu na kupika mchicha bila nazi, na mtu mwingine akinikaribisha sambusa ya pili yeye ndiye anayemkemea. Mpakuaji ni yuleyule, nilichobadilisha ni habari aliyokuwa nayo tu.

Kwenye arusi nimejiwekea kanuni moja tu, nayo ni kwamba ninapakua mara moja. Ninaanza na kachumbari, nyama inafuata, wali wa biriani unaingia kwenye nafasi iliyobaki, na sahani ikiisha ninashika kikombe cha kahawa chungu, kwa sababu mwenye kitu mkononi hakaribishwi sana. Sijinyimi biriani. Niliwahi kujinyima, na nikirudi nyumbani nilikuwa ninakula mkate mzima nikiwa nimesimama jikoni, taa imezimwa.

Na huyo wa ofisini, mjibu kwa jina la kitu chenyewe. Usiseme "ninajaribu kupungua," maana hilo linafungua mjadala. Sema, "Sukari yangu ilipanda, nimeishusha." Utaona atakavyoanza kukueleza ya kwake.

Asiyehesabu

Naomba nitofautiane kidogo na waliotangulia, kwa sababu wote mnamsaidia dada aendelee, na hakuna aliyemuuliza kama ni lazima aendelee sasa hivi.

Hiyo 70 umeitoa wapi? Muuguzi amekuonyesha kwamba lengo la kiafya umeshalivuka, ila unaishi kama mtu aliyeshindwa. Ningekuwa wewe ningetangaza likizo ya miezi mitatu: kazi pekee iwe kubaki 82, kula vizuri, kutembea, na kutopunguza chochote zaidi. Nilihesabu kila kijiko kwa mwaka mzima, nikafika nilikotaka, na siku niliyochoka nilirudisha kilo kumi na mbili kwa miezi minane. Hakuna aliyekuwa amenifundisha kubaki. Nilijua kushuka tu.

Na kuhusu namba, nyingi tunazobebeshwa hazina uzito tunaozipa. Hatua 10,000 hazikutoka maabara. Zilitokana na kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, baada ya Olimpiki ya Tokyo, ambacho jina lake lenyewe lilimaanisha kipimo cha hatua elfu kumi. Siku 21 nazo zisikutishe. Watafiti wa University College London walipofuatilia watu 96 wakijijengea tabia mpya, wastani uliokadiriwa ulikuwa siku 66, lakini kutoka mtu mmoja hadi mwingine ilitofautiana kuanzia siku 18 hadi 254, na mazoezi ya mwili yalichukua muda mrefu kuliko kunywa maji. Walibaini pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hiyo siku zako 150 hazina kasoro.

Mimi mizani niliitoa ndani ya nyumba kabisa.

Muuguzi wa Zamu

Likizo ya miezi mitatu ninaiunga mkono bila shaka yoyote. Kuitupa mizani siungi mkono, kwa mtu aliyewahi kufikia 6.3. Mara moja kwa wiki inatosha, na awe amekubaliana na nafsi yake mapema ni kilo ngapi zikiongezeka ndipo arudi kujirekebisha. Mimi huwaambia wagonjwa wangu mbili. Kilo kumi na mbili hazirudi kwa usiku mmoja, ndugu yangu. Zilikuwa zinarudi mbili mbili na hukuwa unaangalia.

Asiyehesabu

Hilo limenigusa. Nakubali.

Mhasibu wa Tabata

Shikamoo Mzee wa Mchakamchaka, na nawashukuru nyote. Samahani kwa kukaa kimya kwa wiki tatu. Ilikuwa mwisho wa mwezi na hesabu hazikuwa zinakubali kufunga.

Nimepima sukari tena: 5.7. Mara hii daktari alinyanyua kichwa kutoka kwenye karatasi. Uzito ni 82.3, kwa hiyo huko hakuna jipya. Kuhusu kiuno, nilisikitika kwamba sikujipima Januari, nisijue nalinganisha na nini, mpaka nilipokumbuka kwamba fundi wangu alinishonea sare ya harusi mwaka jana. Nilikwenda kwake, akatoa daftari lake lililochakaa, akapekua kurasa hadi akafika kwenye jina langu, na pale ilikuwa imeandikwa kwa penseli: kiuno 108. Akanipima palepale kwenye nafasi ileile aliyopimia mwanzo. 97. Akarudia, kwa kudhani tepu imejikunja. Muuguzi, najua bado iko juu ya 88, na najua fundi hapimi kwa kufuata mfupa wa nyonga, lakini ni tepu ileile na mkono uleule.

Mama mkwe nilimpigia simu, nikamweleza habari ya sukari na ya mguu wa mama, ambayo hakuwa akiijua yote. Bi Kisauni, ulichokisema ndicho kilichotokea, ila sasa nina tatizo jipya: ananipigia kila Jumapili kuniuliza nimekula nini, na hasahau jibu la wiki iliyopita. Mafuta nimeyahamishia kwenye chupa ndogo. Mume wangu amelalamikia mchicha mara moja, kisha akanyamaza.

Nimekubali ya likizo hadi Oktoba. Shangazi bado hajaridhika, na nimeacha kumsubiri aridhike.

Huku Tabata nimepata kikundi, hakina hata watu thelathini. Jumamosi iliyopita nilikwenda kwa mara ya kwanza nikashindwa kuitikia wimbo kufikia kona ya pili, nikapunguza mwendo, na dada mmoja akapunguza pamoja nami bila kusema kitu. Tulipopita mbele ya duka la mtaani kwetu, muuza duka alinipungia mkono akaita jina langu. Katibu anataka fedha ya fulana kabla ya Ijumaa. Nimeandikisha saizi ya kati, akaniangalia, akaniuliza kama nina uhakika, nami nikamwambia aandike hivyohivyo.